Mke Mwenza Kwenye Bakuli la Buluu

Kimisagara, Kigali, 1984

15 Julai

Naanza kuandika kwa sababu katika nyumba hii anayezungumza ni mmoja tu, na mazungumzo yake yote ni mti. Tangu binti yetu Salma aolewe Butare tumebaki wawili, mimi na baba yake. Hapana, watatu. Nimemsahau mke mwenza.

Mke mwenza ni msonobari wa Kijapani. Kwa kimo haunifiki magotini, kwa umri unanizidi, na unakaa nyuma ya nyumba juu ya meza yake mwenyewe, ndani ya bakuli la udongo la rangi ya buluu. Aliyeuleta ni Bwana Okuda, Mjapani aliyekuwa akifundisha mafundi wa mabasi kule Gikondo. Baba yake ndiye aliyeuanza, huko kwao. Bwana Okuda alikuwa akishonewa suruali na mume wangu dukani Muhima, wakazoeana, na alipougua akarudishwa kwao, mti akamwachia mume wangu. Mwaka uleule tukasikia amekufa. Ni miaka tisa sasa. Maneno, mume wangu, husema majani yake ni sindano, nazo huchipua tano tano kwenye kifundo kimoja, kwa hiyo ni mti wa fundi cherehani na ulikuwa ukimtafuta yeye.

Taabu ya mti huu ni kwamba umezoea theluji. Kwao kuna miezi ya baridi kali, unalala, kisha unaamka na nguvu mpya. Kigali nani ataulaza? Basi kila kiangazi, usiku ukianza kupoa, Maneno hununua barafu kwa muuza samaki wa Muhima, akaitia ndani ya gunia lenye maranda ya mbao, na jioni akalizungushia bakuli. Anaudanganya mti kwamba ni theluji. Mtu mzima, ana mvi, anashuka Kimisagara na gunia linamdondokea mgongoni, na watu wanamwamkia wakijizuia kucheka. Mwaka jana niliposhikwa na homa nililetewa barafu? Nililetewa kidonge, nikaambiwa ninywe maji mengi.

19 Julai

Barafu.

20 Julai

Barafu tena. Gunia limelowesha mkeka wangu wa kusalia.

28 Julai

Leo wakati wa kula alianza kunieleza changarawe nyeusi. Mti haupendi udongo wetu mwekundu, unashika maji na kuozesha mizizi, ndiyo maana yeye huenda mpaka Ruhengeri kuokota changarawe za milima ya moto. Haya nimeyasikia mara nyingi hata naweza kuyasema nikiwa usingizini. Nikawa namwitikia tu, ehe, ehe, huku nikichambua maharage ya kesho.

Kisha akaweka kijiko chini, akanitazama kwa namna ya mtu aliyepata jambo zuri la kusema. "Unajua, Mama Salma, mti huu nao una mke."

Nikamwambia, "Najua. Na mke wake ni wewe."

Akacheka. Akasema, "Ngoja nimalize. Ule weupe wa kwenye mizizi..." Lakini mimi nilikuwa nimeshakusanya sahani. Nikatoka nje kuosha vyombo. Uchafu haungoji hadithi.

9 Agosti

Nyumba imejaa watu. Mwaka huu Maneno anakwenda kuhiji. Jirani yangu Mukabalisa, ambaye ni Mkristo, lakini sherehe zetu hazimpiti hata moja, ameleta ndizi mkungu mzima. "Yewe, Mama Salma," akasema, "bwana yako akitoka Maka tutamuita nani? Haji Maneno, ama Haji Mti?"

Maneno mwenyewe anachekeshwa na jambo jingine. Babu yake alikuja nchi hii kutoka Ujiji na mzigo wa vitambaa, baba yake alishona, yeye anashona. Sasa anaitwa mahali ambapo vazi halitakiwi kuwa na mshono hata mmoja. Amezikunja zile shuka mbili nyeupe za ihramu na kuzikunjua. Naona mikono inamwasha kuzitia pindo.

13 Agosti

Kesho anaondoka. Msafiri wa hija huwaomba watu wote radhi kabla ya kutoka, asije akafika kule na kinyongo cha mtu. Mchana kutwa amezunguka: majirani, wateja, hata muuza makaa waliyegombana naye zamani. Mimi nikabaki wa mwisho, kama kawaida yangu.

Alikuja jikoni, akasimama mlangoni. "Mama Salma, nisamehe nilipokukosea. Ninalolijua na nisilolijua."

Nikasema, "Nimekusamehe, Baba Salma. Nenda salama." Kwa mdomo nilisamehe, na moyoni pia, mengi. Ule mti tu ndio uliobaki kooni.

Kisha akanishika mkono, jambo asilolifanya mchana, akanipeleka nyuma ya nyumba. Akanionyesha kana kwamba sijaishi nao miaka tisa. Maji asubuhi, kidogo, mpaka yatoke chini ya bakuli. Saa za jua kali, kivuli. Barafu jioni mpaka mawingu ya mvua yaonekane. "Zaidi ya hapo usiuguse. Usikate, usifungue waya wa matawi, usibadilishe udongo. Hata ukiona jambo la ajabu, acha mpaka nirudi."

"Kwa nini usimwachie Nzeyimana?" Nzeyimana ni bwana wa misitu, mteja wetu, alisomea miti. "Yeye ana shahada."

"Nzeyimana ana misitu. Mti huu nimekuachia wewe."

Nikamwambia aende akalale, safari ni ndefu.

14 Agosti

Amekwenda. Pale uwanja wa ndege wa Kanombe alionekana mdogo sana katikati ya mahujaji. Nimerudi nyumbani nikaosha kila kitu, mpaka miguu ya meza ya mti.

17 Agosti

Nimekwenda mwenyewe kwa Mukarugwiza, muuza samaki. Aliponiona na gunia akapiga kofi paja lake.

"Mama Salma! Hii barafu iko ya samaki, hapana ya mti. Bwana yako iko Maka, na wewe umebakia na wazimu yake?"

"Nipimie, mama. Wazimu ni wa nyumba nzima."

"Basi chukua. Lakini nakuambia, mimi kama ningekuwa na bwana ananunulia mti barafu, hiyo mti ningeipikia ugali." Akanipa pande kubwa zaidi. Njiani maji ya baridi yakaniingia kiunoni, na nikajua mume wangu amekuwa akihisi nini miaka yote hii. Kujua huko sikukupenda hata kidogo.

18 Agosti

Barafu.

19 Agosti

Barafu. Vumbi jingi. Anga jeupe.

24 Agosti

Leo nilichoka, nikakaa kwenye kigoda chake kungoja maji yatoke chini ya bakuli. Sikuwahi kukikalia. Mti ukiutazama kutoka pale si mti uleule. Kutoka jikoni ni kijiti kilichopinda. Kutoka kigodani una mgongo, una mabega, umeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Sindano zina mstari mweupe kwa ndani, mwembamba kama uzi. Nikazigusa. Ni laini, hazichomi.

Halafu nikainua macho. Kutoka kigodani, juu ya mti, unaona mlango wa jiko langu, na mtu akiwa ndani unamwona mzima. Sijui kwa nini siku zote nilidhani anatazama mti tu.

29 Agosti

Nimeitwa kumwosha bibi Nyirahabimana, Mungu amrehemu. Ni kazi yangu tangu mama mkwe aliponirithisha. Wanawake wa Kiislamu wa mtaa huu wakifa mimi ndiye naitwa. Nilimwosha mara tatu, maji ya vuguvugu, kwa majani ya mkunazi, na mara ya tatu nikatia karafuu maiti iliyosagwa. Sikuacha kitu, si chini ya kucha, si nyuma ya masikio. Bintiye alilia akaniambia, "Mama amekuwa msafi kama mtoto." Hilo ndilo jambo moja ninalolijua vizuri duniani. Sipendi kitu kiende kwa Mungu na uchafu.

Karafuu maiti iliyobaki nimeiweka kwenye kopo, juu ya kabati.

2 Septemba

Nimezoea. Naamka, nasali, nanawisha mti, nanywa chai kwenye kigoda. Mukabalisa amenikuta nikizungumza peke yangu. "Mama Salma, sasa mko wawili wagonjwa," akasema. Nilikuwa nikiuambia mti kwamba Salma ana mimba.

4 Septemba

Kondoo wa Idi ameletwa. Dume, jeusi, lina kiburi. Nimelifunga nyuma ya nyumba, kwenye nguzo.

5 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nimefunga, leo ni Arafa. Leo Maneno amesimama jangwani na shuka zake mbili, anaomba, na bila shaka ameniombea.

Nilikuwa ndani nasaga pilipili. Nikasikia meza imeanguka na kitu kimepasuka. Yule kondoo alikuwa ameizungusha kamba kwenye miguu ya meza, akavuta. Mti ulikuwa chini, ubavuni. Bakuli la buluu vipande vitatu. Changarawe nyeusi zimetawanyika uani, na mizizi iko wazi juani, iko uchi.

Nilimpiga kondoo kwa fagio mpaka Mukabalisa akaja mbio. Kisha nikapiga magoti nikauinua mti, na hapo ndipo nikaona. Mizizi ilikuwa na ukungu. Mweupe, mzito, umetanda kila mahali kama utando wa buibui kwenye nyumba iliyohamwa. Ukinusa, harufu ya uyoga. Nikasema moyoni, mti huu unaoza ndani kwa ndani na maskini Baba Salma hajui. Barafu yake, changarawe zake, miaka tisa, na chini yake kuna uozo.

Nilikumbuka alivyosema: ukiona jambo la ajabu, acha. Lakini angesema hivyo kama angeona uozo ule? Mukabalisa akasema, "Iko ugonjwa hiyo. Kwetu viazi ikiwa hivyo tunatupa." Na mimi nilikuwa na furaha fulani, naandika ukweli. Nilifurahi kwamba nimeona kitu ambacho yeye hakukiona. Kwamba nitauponya mti wake kwa mikono yangu na akirudi nitamwambia, unaona?

Nikachemsha maji, nikayapoza yakawa vuguvugu. Nikauweka mti kwenye beseni, juu ya kitambaa safi. Nikaosha mizizi kwa vidole, mmoja mmoja, kuanzia upande wa kulia, kama nilivyofundishwa. Mara ya kwanza maji yalitoka meusi. Mara ya pili meupe, kama maji ya mchele. Mara ya tatu nikapanda juu ya stuli, nikashusha kopo la karafuu maiti, nikatia kiganja kimoja, kwa kuwa hiyo hufukuza wadudu na kila harufu mbaya. Sikuacha hata uzi mmoja wa ule ukungu. Mizizi ikang'aa, myekundu kidogo, misafi. Mukabalisa akasema hajawahi kuona kitu kimeoshwa vile.

Changarawe pia niliziosha, nikazianika. Nimeupanda kwenye sufuria ya zamani niliyoitoboa kwa msumari, mpaka tupate bakuli. Nimeuweka kivulini. Unaonekana mzima kabisa.

6 Septemba

Idi. Yule kondoo amechinjwa, na sikumsikitikia. Nyama yake ngumu.

8 Septemba

Bado kijani.

10 Septemba

Kijani. Maji asubuhi. Mukarugwiza ameniambia barafu basi, mawingu yameonekana upande wa Nyabugogo.

14 Septemba

Mvua ya kwanza! Vumbi limenukia mji mzima. Watoto wametoka uchi barabarani. Nimeutoa mti kivulini nao upate. Kila kitu uani kimebadilika rangi kwa saa moja, hata nyasi nilizodhani zimekufa. Mti umebaki vilevile.

16 Septemba

Kijani. Lakini vile vichipukizi vya ncha, ambavyo Maneno huvitazama kwa miwani kila mvua ikianza, havijaongezeka hata unywele.

18 Septemba

Nzeyimana alikuja dukani kuchukua suruali. Mchana huwa nakwenda kufungua, napiga pindo na vifungo, mambo madogo ninayoyaweza. Nikamwambia kama mtu anayetoa habari njema: mti wa mume wangu ulikuwa na ugonjwa mweupe mizizini, nimeuosha wote.

Alikuwa akijaribu zipu. Akasimama. "Madamu, ulitoa yote?"

"Yote. Mara tatu."

"Yoo," akasema, na akakaa kwenye benchi la wateja. "Mama Salma, hiyo haikuwa ugonjwa. Hiyo kitu nyeupe iko rafiki ya mizizi. Inaenda kutafuta maji na chakula mbali, inaletea mti. Sisi tukipanda misonobari, tunachukua udongo ya chini ya misonobari ya zamani, sababu ya hiyo. Bila hiyo miti yote inakufa."

Nikamwambia, "Lakini bado ni kijani." Nilisema kama vile namdai.

Alitazama chini. Ni mtu mpole. "Msonobari inakufa pole pole, mama. Ukikata moja kule msitu, mwezi mzima inabakia kijani. Rangi yake inachelewa kujua."

Kisha, labda aliona uso wangu, akasema nijaribu kuleta ule udongo. Kama mzizi mmoja tu bado una uhai, huenda. Sikumwambia habari ya karafuu maiti. Niliona haya.

19 Septemba

Nimepanda mlima Kigali kwenye misonobari ya serikali, na beseni kichwani, kwenye mvua. Mlinzi akaniuliza naiba nini. Nikamwambia udongo. Akanitazama sana, kisha akanisaidia kuchimba. Chini ya majani makavu ulikuwepo, uleule weupe, ile harufu ya uyoga. Nikaushika kiganjani nikalia pale mbele ya mlinzi. Ule ule niliousugua na kuumwaga kwenye mtaro.

Nimeuweka kwenye mizizi, kidogo kidogo, na vidole hivihivi.

21 Septemba

Mvua. Kijani.

22 Septemba

Mvua. Kijani. Maji yaliyomwagika hayazoleki, mama alikuwa akisema, lakini mimi mtaroni nilitazama.

25 Septemba

Nimekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli nikijaribu kukumbuka yote aliyowahi kunieleza juu ya mti huu. Ajabu, nakumbuka mengi. Waya wa shaba ufungwe wakati gani. Kwa nini bakuli liwe fupi. Jinsi baba yake Okuda alivyouchimba mwambani akiwa kijana. Kumbe masikio yalikuwa yakisikia huku mimi nikichambua maharage. Lakini juu ya ule weupe sikumbuki kitu, isipokuwa kwamba alitaka kuniambia, na mimi nikaenda kuosha sahani.

29 Septemba

Amerudi. Amekonda, amenyoa kichwa, uso una nuru. Mtaa mzima ulikuja na dufu, vigelegele mpaka Nyabugogo wakasikia. Kabla hajaketi, kabla hajanywa maji, alipita katikati ya watu akaenda nyuma ya nyumba.

Nikamfuata. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kuanza na bakuli, kisha mengine. Akaona sufuria. "Bakuli?"

"Kondoo wa Idi alilivunja."

Akavuta pumzi. Akainama, akautazama mti huku na huku. Watu walikuwa wamejaa uani. "Bakuli ni udongo," akasema. "Mti ni mzima. Kijani kabisa! Watu wangu, mnamwona mwanamke huyu? Chombo kimepasuka na ameuokoa peke yake."

Wakapiga vigelegele. Yeye akatoa kichupa cha Zamzam alichokibeba kutoka Maka, maji ambayo watu huyangojea kwa matone, na kabla hajampa mtu yeyote akamimina kifuniko kimoja kwenye mizizi. Cha pili akanipa mimi, mbele ya wote, akanishikia kifuniko mwenyewe. Nikanywa. Na sikusema.

30 Septemba

Wageni. Kila mgeni anaonyeshwa mti.

2 Oktoba

Wageni. "Mke wangu ndiye aliyeuokoa." Mukabalisa alikuwepo, akaniangalia, akaangalia pembeni. Naye hajasema, na yeye si mtu wa kunyamaza.

5 Oktoba

Leo asubuhi nilipoumwagilia, kifundo kimoja cha sindano kilibaki mkononi. Sindano tano, kijani, hazikuvutwa, zilijiachia tu. Nikagusa kingine. Nacho.

Nikamwendea dukani, sikungoja arudi. Alikuwa kwenye cherehani. Nikamwekea zile sindano mbele yake, juu ya kitambaa cha mteja, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Ukungu, maji vuguvugu, mara tatu. Karafuu maiti. Kwamba nilifurahi. Kwamba aliponisifu nilijua.

Mguu wake ulikuwa bado kwenye kanyagio. Aliutoa. Alikaa muda mrefu akizipanga zile sindano sambamba, kama anavyopanga pini.

"Karafuu maiti," akasema.

"Ndiyo."

"Umeuosha vizuri, basi." Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli.

"Nigombeze, Baba Salma."

"Nimetoka kuomba nisamehewe mimi. Nitamgombeza nani?" Akachukua kitambaa cha mteja, akakikung'uta taratibu, akarudi kushona. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikaninyeshea njia nzima na sikuharakisha.

6 Oktoba

Amekula, ameshukuru, amelala.

7 Oktoba

Hivyohivyo.

8 Oktoba

Hivyohivyo. Miaka tisa niliomba katika nyumba hii kuwe na kimya wakati wa kula.

10 Oktoba

Mti umekuwa rangi ya majani ya chai. Ulibadilika wote ndani ya siku mbili hizi, wakati kila kitu kingine Kimisagara kinachipua, hata nguzo za ua wa Mukabalisa zimetoa majani. Maneno hajautupa. Jioni anakaa kwenye kigoda kama zamani. Nasimama jikoni naona kisogo chake kilichonyolewa. Amegeuza kigoda, sasa anaelekea ukutani.

11 Oktoba

Mukarugwiza kaleta samaki bure. "Ya pole," akasema. Hakutania.

14 Oktoba

Leo sikuvumilia. Alipomaliza kula na kusema alhamdulillahi, kabla hajainuka, nikaanza mimi. Nilisema haraka, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu.

"Mti wa Bwana Okuda baba yake aliuchimba mwambani, alikwea kwa kamba. Miaka mitatu ya kwanza hakuukata. Tawi la kushoto ulilifunga wewe waya mwaka ule Salma alipopata surua, ukalifungua kabla haujaacha alama. Mwaka wa pili mvua ilitaka kuuozesha, ukaenda Ruhengeri kutafuta changarawe nyeusi, ukazichekecha kwa chekecheo langu la unga nikakununia wiki nzima. Sindano zikiwa ndefu ni kwamba umeunywesha sana."

Aliniangalia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa.

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia. Kuna moja tu sikulisikia. Kabla hujasafiri ulisema mti una mke. Ukasema, ule weupe wa kwenye mizizi. Hapo nikaondoka. Ulitaka kusema nini?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Alikishika kijiko, akakiweka.

"Nilitaka kusema kwamba ule weupe ndio mke wake. Hauonekani. Mgeni akija anasifu matawi, anasifu sindano, anamsifu fundi. Na chini kule yeye ndiye anayekwenda kutafuta maji, anauletea, usiku na mchana, na mti hata haujui kwamba bila yeye hauli. Bwana Okuda ndiye aliyenionyesha. Siku ile nilitaka kukuambia kabla sijaondoka, maana mwanamume akisafiri hajui kama atarudi." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Maneno ya namna hiyo mimi siyawezi, Mama Salma. Nilikuwa nikiyapitisha kwenye mti."

Sahani zilikuwa mbele yangu, zina miiba ya samaki na mchuzi ulioanza kuganda. Nilizisogeza pembeni, chafu hivyohivyo, na nikakaa.